Kiti Nje ya Mlango

Saa yenyewe ilikuwa nyeusi, laini, na haikuonyesha saa. Alima aliigeuza juu, akaigeuza chini, akatafuta mishale, akatafuta namba, asione kitu. Uso wake ulikuwa mtupu kama jicho la samaki sokoni.

"Hii ni saa gani, haiambii mutu saa?" aliuliza.

"Yenyewe haikuja ili uiangalie, mutoto wa Abibu," alisema Kapya, aliyekaa naye meza moja. "Imekuja ili ikuangalie weye."

Wenzake wakacheka. Alima hakucheka. Alimtazama msichana aliyezileta zile saa, Bénie Ntumba wa chuo kikuu, aliyekuwa anapita kutoka meza hadi meza akifunga mikanda mikononi mwa watu kwa upole wa muuguzi. Upole ule ndio uliomtia Alima wasiwasi. Mtu anapokushika mkono polepole namna ile, ujue sindano iko karibu.

Hapo palikuwa ndani ya sale, chumba kirefu chenye vioo na baridi ya mashine, ambamo kiwanda kizima cha shaba kiliongozwa kutoka kwenye skrini. Nje, mawe yalisagwa, asidi ilizunguka matangini, pampu zilivuta na kusukuma. Ndani, watu walikaa wawiliwawili wakiangalia mistari inayopanda na kushuka. Mstari ukipanda kupita kiasi, kengele inalia, na mtu anafunga hiki au anafungua kile. Kapya na Alima waliangalia matangi.

"Saa hii inasikiliza moyo, na jasho la ngozi," Bénie alieleza. "Na hii simu ndogo italia mara moja moja. Ikilia, unachagua namba. Moja, ni kusema kichwa iko chepesi. Kumi, ni kusema kichwa inataka kupasuka. Ni hayo tu. Tunataka kujua kazi ya humu inabebesha kichwa mzigo gani."

"Na nani atasoma?" Alima aliuliza.

"Mimi."

"Na shefu?"

Bénie alikaza kwanza mkanda wa Alima. "Shefu atapata hesabu ya wote pamoja. Majina hayapati."

Alima aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa ameshaona mambo mawili. La kwanza, nyuma ya kila saa kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. La pili, sanduku la saa alilishika shefu Chileshe mwenyewe, na ndiye aliyekuwa anasema: hii ya huyu, hii ya yule. Namba ambayo mtu anakupa kwa mkono wake, tofauti yake na jina ni nini?

Alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Wakati wa mvua zilizopita, tangi moja lilifurika na kengele zote zikalia kwa pamoja. Yeye na Kapya walilizuia, hakuna aliyeumia, na shefu aliwapa mkono mbele ya wote. Lakini tangu siku ile moyo wa Alima haukurudi mahali pake. Kengele ikilia, hata ndogo, ulimruka kifuani kama chura. Hata kule mtaa wa Kenya, nyumbani kwao, simu ya jirani ikilia anajikuta amesimama na kijiko mkononi. Kazi aliifanya vizuri, mikono haikumtetemeka. Ni moyo tu. Na sasa wamemfunga kitu cha kuusikiliza moyo.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Baba yake, mzee Abibu, fundi wa nguo ambaye wazee wake walitoka Maniema, hakushona hata kanzu moja bila kumwambia mwenye kanzu: "Binti yangu anaongoza kiwanda, tena amekaa." Neno "amekaa" alilisema kwa kuvuta, kwa maana ukoo mzima haukuwa na mtu aliyewahi kulipwa kwa kukaa. Kiti kile kikimtoka Alima, mzee atawaambia nini watu wa kanzu?

Mchana, walipokwenda kula, Précieux wa meza ya vinu alikuja na habari zake.

"Bantu banasema kule kwa kiwanda ingine balipima hivi hivi. Benye roho ya mbio, wote balienda kwao."

"Bantu gani banasema?" Kapya aliuliza.

"Bantu, vié!" Précieux alimjibu yule mzee.

"Bantu bale ni banani? Biko na majina?"

"Weye vié, ukisikia moshi unauliza jina ya kuni?"

Kapya alitafuna tonge la bukari yake taratibu. Alikuwa mtu wa hapo hapo, babu zake walilima ardhi hii kabla haijatobolewa, na alipotafuna hivyo watu walisubiri. Mwishoni alifuta vidole.

"Ile simu ikilia, kila mutu anafinya moja. Moja tu. Nani atafinya namba ingine, amejiuza mwenyewe na ametuuza na siye."

Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Ndani ya sale ilikuwa desturi ya tangu zamani: ukiulizwa "Kazi iko je?", jibu ni "Iko bien," yaani nzuri. Siku ile ya mafuriko ya tangi shefu alipiga simu akauliza, na Kapya, jasho likimdondoka puani, alijibu kwanza "Iko bien, shefu," ndipo akaeleza kwamba asidi inatembea sakafuni. Hakuwa anadanganya. Ndivyo mtu mzima anavyojibu. Kwa hiyo kufinya moja hakukuwa uongo machoni pao, ilikuwa ni adabu.

"Na roho?" Alima aliuliza polepole. "Mudomo tunaweza kufunga. Roho itasema."

Kapya alitabasamu. "Roho tutaazima."

Aliyeazimwa moyo alikuwa tata Lombe, mzee wa mizani ya malori getini. Utulivu wake ulikuwa gumzo la kiwanda. Siku moja lori lilirudi nyuma likakigonga kibanda chake, bati likaanguka, vumbi likatanda, na Lombe akasogeza kikombe chake cha chai kisiingie mchanga, kisha akamuuliza dereva: "Umemaliza?" Mtu kama huyo, Kapya alisema, moyo wake unatosha watu wote.

Basi ikawa hivi. Asubuhi Bénie anawafunga saa, anaondoka kwenda kwenye kiofisi chake cha ghorofa ya chini. Akishapotea, saa zinavuliwa, zinaingia mfukoni mwa Précieux, zinafika getini. Jioni, kabla hajarudi kuzikusanya, zimesharudi mikononi mwa wenyewe. Tata Lombe alizivaa zote kuanzia kiwikoni kushuka, akavuta mkono wa shati juu yake, akaendelea kunusa tumbako yake. Hakuuliza ni za nini. "Zinakamata jasho tu," alisema.

Alima naye alitoa yake. Siku ya kwanza alipoivua alijisikia mwepesi, kama aliyetua ndoo. Hata hivyo usingizi haukumjia vizuri. Kwa nini Kapya amelichangamkia jambo hili namna hii? Na Précieux, anayezungukazunguka na saa za watu mfukoni, nani anajua anapitia wapi? Ukishaanza kuwatilia watu mashaka, huoni mahali pa kusimamia.

Bénie ndiye aliyeanza kubadilika. Jioni moja, alipokuwa anamvua Alima saa, aliisogeza puani, akanusa.

"Mama Alima, weye unanusa tumbako?"

"Mimi?" Alima alishtuka. "Kwetu hata baba hanusi."

"Basi ni mukanda ndiyo unanusa," alisema Bénie. Aliiweka sandukuni, hakuongeza neno. Alima aliona afadhali angegomba.

Siku iliyofuata Alima alipofika kazini alikikuta kiti chake koridoni, nje ya mlango wa sale, kimegeuzwa kuelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Alikijua kwa kitambaa cha kitenge alichokishonea mgongoni kwa mkono wake.

Shefu Chileshe alikuja akiwa na uso wa furaha.

"Hesabu zimetoka, Alima. Kazi yenu ni nyepesi sana! Moja, moja, moja. Na mioyo kama bantu balilala. Sasa bantu babili kwa meza moja, juu ya nini? Leo tunajaribu. Kapya anabaki peke yake na matangi. Weye unangojea hapa. Akikuita kwa kengele, unaingia. Asipokuita, kesho unaenda depo, kuhesabu mifuko. Kule pia ni kazi muzuri."

"Nikimwona anashindwa?"

"Akikuita, nimesema. Bila kuitwa, usiingie."

Alipoondoka, Alima alibaki ameshika mgongo wa kiti. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mtego hawakuutega kwa ajili ya wenye moyo wa mbio. Uliwangoja wenye moyo uliotulia, na wao wamejipeleka wenyewe, tena kwa mkono wa tata Lombe. Alishuka ngazi hadi kwenye kiofisi cha Bénie bila kupiga hodi.

"Umetuuza," alisema.

Bénie hakusimama. Aligeuza kompyuta yake. Kwenye skrini kulikuwa na mistari ya rangi mbalimbali, mmoja chini ya mwingine, na yote ilikuwa na umbo moja. Pale mmoja ulipopanda kilima, yote ilipanda. Pale uliposhuka, yote ilishuka.

"Niambie, mama Alima. Muliumbwa na roho moja, ninyi wote?"

Alima alifuata mstari mmoja kwa kidole: moyo wa tata Lombe.

"Nilimwambia shefu hizi hesabu ni mbaya, asizitumie. Alisema mashine haikosei. Ningeweza kumwambia na habari ya tumbako. Angefukuza kila mutu. Sikusema."

"Juu ya nini hukusema?" Swali lilimtoka Alima kwa ukali. Mtu anayekusitiri bila kumwomba, yeye pia anataka kitu.

"Juu ya kazi yangu pia. Hesabu ya uongo hainifai kwa kitu." Bénie alifungua sanduku, akatoa saa. "Leo shefu amekubali nipime Kapya, nimufungie mbele yake. Kama unataka, nitakupa na weye."

"Nikivaa, utaona roho yangu. Roho yangu..." Alima akasita. "Haikai. Tangu siku ya lile tangi. Ukiona hivyo, utasema huyu mwanamuke hafai. Uniahidi hutasema."

Bénie alifungua mkanda wa saa.

"Siwezi kukuahidi," alisema. "Sijui shefu atasema nini akiona. Mimi nitasema kile kiko. Kama kazi njo inaipiga ile roho, nitasema ni kazi."

Ajabu ni kwamba kama angeahidi, Alima angeondoka. Ahadi alizisikia nyingi siku ile ya kufunga mikanda. Aliunyoosha mkono, lakini alipofungwa alikuwa ameangalia pembeni.

Alirudi koridoni, akageuza kiti chake kielekee mlango wa kioo, akakaa. Kupitia kioo aliona mgongo wa Kapya na, mbele yake, skrini za matangi. Alimtazama kama mtu anayetazama mwizi. Je, hakuyajua haya? Nani alisema tuazime moyo? Na sasa nani amebaki na kiti? Hataniita, alijiambia. Huyu mzee aliyeripoti mafuriko kwa "Iko bien", aniite mimi? Na labda hataki hata kuniita.

Saa za mwanzo zilikuwa shwari. Simu ndogo ya Kapya ililia, akafinya bila kuangalia, na Alima hakuhitaji kuuliza ni namba gani. Kisha pampu moja ilikwama. Kengele. Kapya akainua simu kuongea na watu wa pampu. Kengele nyingine. Akaizima. Ya tatu ikalia akiwa bado anabishana na watu wa pampu, na Alima aliona kwa macho yake kidole gumba cha mzee kikitembea chenyewe, kikaizima bila macho kukifuata. Moyo wake ukaruka kama kawaida yake. Safari hii aliuacha uruke, akaangalia ni kengele ya wapi.

Tangi la tano. Mstari wake ulikuwa unapanda.

Aligonga kioo. Kapya aligeuka nusu, simu sikioni, akainua kidole gumba: iko bien. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima ndani ya baridi ile.

Alima alisimama. Bila kuitwa, usiingie. Labda shefu alikuwa anaangalia kutoka mahali fulani. Labda hicho ndicho walichokuwa wanangojea, avunje amri ili depo nayo imkatae. Mstari ulikaribia wekundu. Alisukuma mlango.

"Baba, tangi ya tano."

"Nimeona."

"Hukuona. Ulizima kengele yake."

Kapya aligeukia skrini, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeamshwa. Hawakusemezana tena. Yeye alibaki na pampu. Alima alipiga magoti pale ambapo kiti chake kilikuwa kila siku, akafunga njia ya kuingilia, akafungua ya kutokea, akangoja mikono ikiwa juu ya meza. Mstari ulipanda bado kidogo, kama ng'ombe mbishi. Ukasimama. Ukaanza kushuka.

Simu ndogo ikalia: kichwa kiko je?

Kidole gumba cha Kapya kilishafika juu ya moja. Alima aliufunika mkono wake.

"Baba. Namba ya kweli."

"Unataka niseme mbele ya hii mashine kama nimezeeka?"

"Nataka useme kazi iko nzito. Haiko kusema umezeeka."

"Ni kitu kimoja kwa masikio yao."

"Ile moja yako njo ilitoa kiti yangu, baba. Hukuona?"

Kapya aliutazama mlango, akakiona kiti kule nje na kitambaa chake cha kitenge. Hakuwa amekiona tangu asubuhi, au hakutaka kukiona. Alipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akaitazama saa nyeusi mkononi mwake.

"Hii mujinga ilishasikia yote, sivyo?" alisema. Akafinya tisa.

Mlango ulifunguka. Aliingia shefu Chileshe, na nyuma yake Bénie na kompyuta yake kifuani.

"Kazi iko je?"

Kule kwenye meza ya vinu, Précieux aliinamisha kichwa. Kapya alifungua mdomo kwa desturi ya miaka yote, akaufunga.

"Iko nzito, shefu," alisema Alima, bado amepiga magoti.

"Sikukuuliza weye. Nani alikuita humu?"

Hapo Alima alimtazama Kapya, asijue mzee atasema nini. Kweli kabisa hakujua. Mzee angeweza kumaliza mambo yote kwa neno moja na kubaki na meza yake.

"Mimi njo nilimwita," alisema Kapya.

"Sikusikia kengele ya kumwita."

"Nilikuwa na mikono miwili, shefu, yote ilikuwa na kazi. Nilimwita kwa mudomo. Na kazi iko nzito, vile amesema. Tangi ya tano nusura ifurike. Zile hesabu zako za nyuma..." Akakwama, akameza mate. "Zile tulizicheza. Uniulize mimi, usiulize batoto."

Shefu aligeuka rangi. Bénie hakumpa nafasi ya kupiga kelele, alimsogezea kompyuta. Kulikuwa na mistari miwili tu safari hii, na haikufanana. Wa Kapya ulikuwa umepanda kama ukuta. Wa Alima uliruka mapema kabla ya wa Kapya, pale koridoni, ukabaki juu, na sasa ulikuwa unateremka taratibu.

"Huyu moyo wake ulisikia kengele ya tangi kabla ya mwenye meza," alisema Bénie. "Na mwenye meza alikuwa amejaa, hapakuwa tena mahali pa kuingiza kengele ingine. Mutu mumoja hatoshi, shefu. Njo hivyo inasema."

Shefu aliinamia ile mistari. Alimtazama Kapya, akamtazama Alima aliyepiga magoti mbele ya skrini.

"Habari ya kucheza na hesabu tutaizungumza, Kapya, weye na mimi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kiti kirudi. Kibaki hapa mpaka tupime tena, na tupime vizuri."

Alitoka. Alima alisubiri nyayo zake ziishe koridoni, ndipo akaenda kukichukua kiti mwenyewe. Précieux alitaka kumsaidia, akamkatalia. Alikiweka mahali pake, akanyoosha kitambaa, akakaa. Mzee Abibu ataendelea kuvuta lile neno lake. Mpaka tupime tena, shefu alisema. Si maneno ya kulalia.

"Hukuniita," alimnong'oneza Kapya.

"Nilikuita," alisema mzee, macho kwenye skrini. "Roho tu ilichelewa kufika mudomoni."

Jioni Bénie alikuja na sanduku lake. Alima alifungua mkanda, akainusa saa: jasho lake mwenyewe, hakuna tumbako. Bénie alinyoosha mkono, lakini Alima akaishikilia kidogo.

"Nani atasoma?"

"Mimi," alisema Bénie. "Na shefu. Ameshaona, siwezi kukudanganya."

Alima alimpa. Lakini macho yake yaliifuata ile saa hadi sandukuni, na hayakuondoka mpaka kifuniko kilipofungwa.